Minara Miwili ya Urefu Mmoja: Kisa cha Sayari ya Siku 1.31

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anasomea fizikia chuoni na hurudi kwao Malindi wakati wa likizo, aliniletea mchoro ambao hakuweza kuueleza. Alikuwa amechukua sehemu ya vipimo vya zamani vya nyota iitwayo 51 Pegasi, akavipitisha kwenye programu, na programu ikamjibu kwamba nyota ile inazungukwa na sayari ambayo mwaka wake ni siku 1.31. Kila kitabu kinachoitaja nyota hiyo kinasema siku 4.23. Yeye alilijua jibu hilo kabla hajaanza, kwa kuwa alikuwa akijifunza tu namna ya kuitumia programu, na hapo ndipo ilipo faida ya kisa hiki: kosa lilionekana kwa sababu jibu lilikuwa limekwisha kujulikana. Lau nyota ingekuwa ngeni, mchoro ule ungepita bila kuulizwa, maana mstari wa programu ulikatiza nukta zake kwa unadhifu ambao hata mimi ulinipendeza.

Yafaa kwanza kueleza kilichopimwa. Sayari haizunguki nyota iliyotulia tuli. Vyote viwili huzunguka kitovu kimoja cha uzito, na kwa kuwa nyota ni nzito mno, mzunguko wake huwa mdogo sana. Nyota inapotujia, mistari ya giza iliyomo katika nuru yake husogea kidogo kuelekea buluu, na inapotuondokea husogea kuelekea nyekundu. Nyota ya 51 Pegasi huyumba kwa takriban mita 56 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa saa, kasi ambayo hakuna matatu ya Malindi–Mombasa inayoifikia, ingawa zipo zinazojaribu. Kasi hiyo ni kubwa barabarani lakini ni ndogo mno mbele ya nuru: mstari wenye urefu wa wimbi wa nanomita 500 husogezwa kwa chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya nanomita. Michel Mayor na Didier Queloz waliipima kwa spektrografu (chombo kinachotawanya nuru ili mistari yake isomeke) ya ELODIE, iliyofungwa kwenye darubini ya mita 1.93 katika kituo cha Haute-Provence, kusini mwa Ufaransa, ambayo uhakika wake wakati huo ulikuwa kama mita 13 kwa sekunde. Walitangaza matokeo yao tarehe 6 Oktoba 1995, na mwaka 2019 wakapata Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na James Peebles.

Watu wa Malindi wana haki ya kuidai njia hii kuwa si ngeni kwao. Setilaiti ya Uhuru, ambayo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini mbele ya Ngomeni, ilikuta katika kundi la Centaurus chanzo cha miali ya eksi kinachopiga mapigo kila baada ya sekunde 4.8. Mapigo hayo yalikuwa yakikaribiana na kuachana kwa utaratibu wa siku 2.09, na kutokana na hilo wanasayansi walijua kwamba kitu kile kinazunguka nyota nyingine. Hesabu ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba badala ya mapigo tunasoma mistari ya nuru.

Turudi kwenye faili la kijana. Lilikuwa na safu tatu: wakati wa kipimo, kasi ya nyota, na kiasi cha shaka ya kasi hiyo. Mwendo wa dunia yetu, ambayo hulizunguka jua kwa kilomita 30 kwa sekunde na kwa hivyo huifunika kabisa ile mita 56, ulikuwa umeshaondolewa na waliotayarisha data. Yeye alitumia maktaba ya Astropy kutengeneza periodogramu ya Lomb-Scargle, kisha akatumia programu ya RadVel kuchora njia ya sayari. Kazi ya periodogramu ni kujaribu vipindi vingi, kimoja baada ya kingine, na kusema kila kimoja kinaafikiana na nukta kwa kiasi gani. Kipindi kinachoafikiana vizuri huonekana kwenye mchoro kama mnara uliosimama juu ya nyasi fupi. Kijana aliiamuru kompyuta imtafutie mnara mrefu kuliko yote. Ikampa 1.31. Akakipeleka kipindi hicho kwa RadVel kama mahali pa kuanzia, na RadVel, kama ilivyo kawaida ya programu za aina hii, haikwenda mbali na hapo ilipowekwa.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba sayari ya siku 1.31 haiwezekani kimaumbile, na alitaka kuitupa kwa hoja hiyo. Nilimzuia, na naamini nilifanya vyema. Tulipiga hesabu pamoja. Kwa kipindi hicho kifupi sayari ingekuwa umbali wa kama kilomita milioni 3.6 kutoka katikati ya nyota, badala ya milioni 7.8, na uzito wake wa chini kabisa ungeshuka kutoka 0.47 hadi kama 0.32 ya uzito wa Mshtarii. Hakuna lililo muhali hapo. Sayari ya WASP-12b humaliza mzunguko wake kwa siku 1.09 na ipo. Zaidi ya hayo, hoja ya “kipindi hiki ni kifupi mno” ndiyo iliyokuwa midomoni mwa wengi mwaka 1995, kwa kuwa Mshtarii wetu huchukua karibu miaka 12 kulizunguka jua na hakuna aliyetarajia jitu la namna hiyo limalize mwaka kwa siku nne. Mtu akiiruhusu hoja hiyo iikatae siku 1.31, hana budi kuiruhusu iikatae 4.23 pia.

Nikamwomba anionyeshe periodogramu nzima, si namba iliyotoka tu. Alikuwa hajaitazama. Hili nalisema bila kumlaumu, kwa sababu programu za siku hizi zimepangwa kwa namna ya kumpa mtu jibu kabla hajauona mchoro, na mwenye haraka hushukuru akafunga. Mchoro ulipofunguka tuliona minara miwili, mmoja kwenye siku 4.23 na mwingine kwenye siku 1.31, na urefu wake ulikuwa mmoja. Sisemi ilikaribiana. Tulipoikuza picha hadi mwisho, tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilitokana tu na mahali ambapo gridi ya kompyuta, yaani orodha ya vipindi ilivyovijaribu, iliangukia: nukta moja ya gridi ilikuwa karibu zaidi na kilele cha mnara huu kuliko nyingine ilivyokuwa kwa mnara ule. Ushindi wa siku 1.31 ulikuwa sawa na kurusha shilingi.

Vipimo halisi vya mbinguni havitoi minara iliyolingana kiasi hicho. Usawa ule ndio uliokuwa dalili ya ugonjwa, nami nilipouona niliacha kuifikiria nyota nikaanza kuifikiria saa.

Ili kulieleza jambo hili sikuhitaji kwenda mbali, kwani mjomba wake ni mvuvi. Maji ya bahari yetu hujaa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi. Sasa tuseme yuko mtu ambaye hajui lolote kuhusu bahari, na amepewa ruhusa ya kuitazama mara moja tu kwa siku, saa kumi na mbili kamili za asubuhi. Leo atakuta maji yamejaa. Kesho yatakuwa yamepungua kidogo, kesho kutwa zaidi. Baada ya wiki atakuta maji yametoka na miamba iko wazi, na baada ya wiki nyingine yamejaa tena. Akiandika vipimo vyake kwa uaminifu na kuvipitisha kwenye programu, ataambiwa kwamba bahari hujaa mara moja katika siku 14.77. Kila kipimo chake ni cha kweli, na mstari wake utapita kwenye kila nukta, lakini bahari aliyoieleza haipo.

“Basi mtu huyo ni mjinga, Mwalimu,” kijana alisema.

“Si mjinga, mwanangu. Kapewa saa moja tu ya kutazama.”

Mjomba wake, ambaye alikuwa ameketi nasi barazani akitengeneza nyavu, alitaka kujua kama tunazungumzia bamvua, yale maji makuu, kwa kuwa nayo huja kila baada ya siku kama hizo. Swali lake lilikuwa la maana kuliko alivyodhani. Bamvua ni jambo la kweli, linatokana na mwezi na jua kuvuta pamoja wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Lakini idadi ya siku inalingana na ile ya mtu wetu kwa sababu zote mbili zimetoka katika tofauti moja, ile ya siku ya jua na siku ya mwezi. Ndiyo maana kivuli cha namna hii, yaani kipindi cha uongo kinachozaliwa na saa za kutazama, ni hatari: kinaweza kuvaa nguo za kitu ambacho kweli kipo.

Kwa nyota hesabu ni nyepesi. Sayari ya siku 4.2308 humaliza sehemu 0.23636 ya mzunguko wake kwa siku moja. Ukitazama mara moja kwa siku, saa ileile, huwezi kujua kama imesogea mbele kwa 0.23636 ya mzunguko au imezunguka upande wa pili kwa kile kilichobaki, yaani 0.76364. Gawa moja kwa 0.76364, utapata siku 1.3095. Hapo kijana alinyamaza, akaipiga hesabu mwenyewe kwenye simu mara mbili.

Hata hivyo bado palikuwa na swali. Wanajimu wa Haute-Provence hawakupima saa ileile kila usiku kwa dakika, hakuna anayeweza. Tofauti ndogo za saa zilitakiwa kuuvunja usawa wa minara, hata kama ni kidogo. Nikamwambia aandike amri ya kuonyesha mistari mitano ya kwanza ya faili lake jinsi programu inavyoisoma. Safu ya wakati ilisomeka 2450002, 2450003, na kuendelea hivyo, namba nzima tupu.

“Desimali ziko wapi?”

“Zilikuwepo, Mwalimu. Naapa zilikuwepo.”

Zilikuwepo kweli. Faili lilipoteremshwa lilikuwa na mistari ya maelezo juu, nayo ilimsumbua, hivyo alilifungua kwa lahajedwali ili aifute. Safu ya wakati ilikuwa nyembamba na namba ndefu hazikuenea; zikaonekana alama za reli (####). Badala ya kuipanua safu, alibofya kitufe cha kupunguza desimali mpaka namba zikaenea, kisha akahifadhi kazi yake kama faili la maandishi lenye koma. Lahajedwali ikihifadhi kwa namna hiyo huandika kile kinachoonekana kwenye kioo, si kile kilichofichwa nyuma ya seli. Saa za usiku zikafutika, ikabaki hesabu ya siku.

Namba hizo zenye tarakimu saba ni za siku za Julian, ambazo huhesabiwa mfululizo tangu mwaka 4713 kabla ya Kristo katika kipindi kilichobuniwa na Joseph Scaliger mwaka 1583. Siku ya 2450000 yenyewe ilianza tarehe 9 Oktoba 1995, siku tatu tu baada ya tangazo la Mayor na Queloz. Siku hizi hazianzi usiku wa manane. Huanza saa sita za mchana za Greenwich, ambazo kwetu Malindi ni saa tisa alasiri, ili usiku mzima wa mwanajimu wa Ulaya uwe chini ya namba moja. Sisi wa pwani, ambao usiku wa Ijumaa kwetu hutangulia mchana wake, hatuna la kushangaa katika utaratibu huo. Lakini ndio uliomponza kijana: kwa kuwa vipimo alivyochagua vilikuwa vya kabla ya usiku wa manane wa Greenwich, kila usiku uliangukia namba nzima yake bila kuchanganyika na mwingine, na jedwali likaonekana safi.

Kwa nini basi mchoro wake haukuharibika, hali wakati wote ulikuwa umepotoshwa? Jibu ni kwamba kasi ya nyota hii, hata inapobadilika kwa haraka kuliko wakati mwingine wowote, hubadilika kwa kama mita 83 kwa sekunde katika siku moja. Kosa la saa mbili na nusu linaleta tofauti ya mita 9 hivi kwa sekunde, ambayo inamezwa na ile shaka ya mita 13 ya chombo. Zile saa nyingine zilizokatwa, ambazo zilikuwa karibu sawa kwa kila usiku, zilizisogeza nukta zote kwa pamoja, na msogeo wa pamoja hauonekani. Mtu anayepima ubora wa kazi yake kwa kutazama masalio peke yake, yaani umbali wa nukta kutoka kwenye mstari, asingegundua lolote. Ningependa hili lieleweke vizuri, maana ndilo ninaloliona likipuuzwa zaidi: masalio madogo yanasema kwamba mstari unaafikiana na faili. Hayasemi kwamba faili linaafikiana na usiku.

Kuna jaribio moja ambalo lingemwonyesha kasoro hii kabla hajagusa kasi yoyote. Unaondoa kasi zote, unaweka namba moja mahali pake, kisha unatengeneza periodogramu ya nyakati peke yake bila kuziondolea wastani. Mchoro huo huitwa dirisha la upimaji, na unaonyesha tabia ya mtazamaji, si ya nyota: lini alikesha, lini mawingu yalifunga, lini mwezi ulikuwa mkali mno. Kila dirisha la darubini ya ardhini huwa na mnara kwenye siku moja. La kijana lilikuwa na mnara wa siku moja uliofika hadi mwisho wa kipimo, mnara kamili, jambo ambalo haliwezi kutokea kama saa zimo.

Alilipakua faili upya, akayaondoa maelezo kwa amri ya programu badala ya lahajedwali, na kurudia kazi. Mnara wa siku 4.23 ukawa mrefu zaidi. Angependa tuishie hapo. Mimi sikuridhika, kwa kuwa mnara wa 1.31 ulishuka lakini haukuanguka, na sababu yake inaweza kuhesabiwa. Tofauti ya saa moja ndani ya usiku huzitenganisha zile sayari mbili, ya kweli na ya kivuli, kwa digrii 15 za mzunguko, nazo haziwezi kuachana kwa zaidi ya mita 15 kwa sekunde, kiasi kinacholingana na shaka ya chombo. Vipimo vyake vingi vilikuwa vimebanana ndani ya saa chache. Desimali zilizorudi zilitoa ushahidi, lakini ushahidi mwembamba.

Kinachomaliza ubishi ni mtazamaji mwingine aliye mbali upande wa mashariki au magharibi. Mara tu baada ya tangazo la 1995, Geoffrey Marcy na Paul Butler waliipima nyota ileile katika kituo cha Lick, California, na kuthibitisha siku 4.23. Kati ya Lick na Haute-Provence pana digrii 127 za longitudo, kama saa nane na nusu. Kwa kuwa kivuli hutofautiana na sayari ya kweli kwa mzunguko mmoja kamili kwa kila siku, kila digrii ya longitudo inageuka kuwa digrii moja ya mzunguko. Kwa hivyo sayari mbili ambazo Ufaransa hazitofautiani hata kidogo, California zinaweza kuachana kwa karibu mita 100 kwa sekunde. Hata darubini ambayo ingekuwa hapa Malindi, digrii 34 tu mashariki ya Haute-Provence, ingeweza kuziachanisha kwa mita 33, mara mbili na nusu ya shaka ya chombo. Mabaharia waliopita pwani hii walihitaji saa nzuri ili waijue longitudo. Hapa longitudo ndiyo inayotusaidia kuijua saa. Tulipoongeza vipimo vya bara la Marekani kwenye faili, tukiruhusu kila chombo kiwe na sifuri yake ya kasi, mnara wa 1.31 ulizama katika nyasi.

Kijana asijione peke yake. Sayari ya 55 Cancri e ilitangazwa mwaka 2004 kuwa na mwaka wa siku 2.8, na ilikaa hivyo katika majedwali ya wataalamu hadi mwaka 2010, ambapo Rebekah Dawson na Daniel Fabrycky walionyesha kwamba hicho kilikuwa kivuli cha siku moja, na kipindi chenyewe ni siku 0.74, chini ya saa 18. Mwaka uliofuata sayari ilionekana ikipita mbele ya nyota yake kwa saa hizo mpya. Huko kivuli ndicho kilichokuwa kirefu na ukweli ndio mfupi, kinyume cha kisa chetu, na hilo linatosha kuibatilisha kanuni ya mkato ambayo nimesikia ikifundishwa, kwamba kati ya vipindi viwili uchague kirefu. Hali ya Alpha Centauri B ilikuwa mbaya zaidi. Nyota hiyo, ambayo kwetu husimama chini upande wa kusini juu ya bahari, ilitangazwa mwaka 2012 kuwa na sayari ya siku 3.24, na miaka mitatu baadaye uchambuzi mpya ukaonyesha kwamba mpangilio wa usiku wa vipimo ungeweza kuizalisha ishara ileile bila sayari yoyote kuwepo.

Nilipomtajia 55 Cancri, kijana alikumbuka kwamba data zake anazo, alizitayarisha siku moja na zile za 51 Pegasi kwa ajili ya zoezi la pili. Tukalifungua faili hilo kabla ya adhana ya magharibi. Safu ya wakati ilikuwa na namba nzima tupu.